Soma Hati Kabla ya Kuvuta Waya

Ndugu mafundi, wahandisi, wasimamizi wa majengo, na ninyi vijana mliokaa nyuma ambao ndio kwanza mnaingia katika kazi hii, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie kuunganisha mifumo ya majengo: viyoyozi, taa, pampu, mita, milango, vyote visimamiwe mahali pamoja na kuonekana kwenye skrini moja. Katika kazi hiyo ndefu nimechagua kipande kimoja tu, kile kinachofanyika kabla kebo ya kwanza haijavutwa, mtu akiwa amekaa kitako na hati za vifaa viwili anavyotaka kuviunganisha mbele yake. Hapa mezani nimeweka hati mbili za namna hiyo. Tutazifungua baadaye.

Naomba nianze na usiku mmoja wa msimu wa baridi, katika jengo la ofisi. Tulikuwa tumemaliza kuunganisha vihisi vya joto vya ghorofa nzima kwenye kidhibiti kikuu. Mawasiliano yakapita mara ya kwanza, vitaa vya kijani vikawa vinapepesa vizuri, tukapongezana. Kisha mwenzangu akatazama skrini. Kila chumba kilisomeka 0.0. Nilikuwa na kipimajoto cha mkononi, nikakishika katikati ya chumba, kikasoma 21.5. Kidhibiti nacho kiliamini kile kilichoambiwa. Kiliona vyumba vinaganda, kikafungua vali za maji moto hadi mwisho. Kufika usiku wa manane ghorofa ile ilikuwa kama tanuri, na skrini bado inasema 0.0.

Tulifanya yale ambayo kila fundi angefanya. Tukapima volti. Tukakaza skrubu. Tukabadilisha kihisi kimoja, halafu kebo, halafu tukalilaumu kabati la jirani kwamba linaleta mwingiliano wa umeme. Tulikesha siku mbili. Jibu lilikuwa ndani ya mwongozo wa kihisi, mstari mmoja wa maandishi madogo chini ya jedwali, na mwongozo huo ulikuwa kwenye kompyuta yangu tangu mwezi uliotangulia. Sikuwa nimeufungua.

Nieleze kilichotokea, maana ndani yake kuna somo zima la leo. Vihisi vile vilitumia Modbus, itifaki, yaani lugha ya mawasiliano ya vifaa, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na ambayo bado imejaa kwenye mita, pampu na mashine za kupoza. Katika Modbus, data hukaa kwenye rejista, na rejista moja hubeba biti 16. Namba ya desimali kama 21.5 kwa kawaida huandikwa kwa biti 32, kwa hiyo inakatwa vipande viwili na kulazwa kwenye rejista mbili. Ukiiandika 21.5 kwa namba za msingi wa 16, unapata 41AC na 0000. Kihisi chetu kilikuwa kinatanguliza kipande cha chini. Kidhibiti kilikuwa kinategemea kipande cha juu kianze. Kikaviunga: 0000, kisha 41AC. Namba inayotoka hapo ni ndogo kupita kiasi, haina hata pa kuonekana, na skrini inaiandika sifuri. Na kwa kuwa kihisi kile kilipima kwa hatua za nusu nyuzi, kipande cha chini kilikuwa sifuri tupu kila mara. Chumba kiwe na nyuzi 21.5 au 27, skrini ingeonyesha 0.0 tu.

Hakuna alamu iliyolia. Na ingelilia kwa lipi? Waya ulikuwa mzima. Ujumbe ulifika mzima, ukakaguliwa, ukapita. Kilichopotea ni maana, na maana haipimwi kwa multimita. Maana ya data imeandikwa mahali pamoja tu: kwenye hati ya kifaa.

Modbus yenyewe haisemi kipande kipi kitangulie. Haisemi kama 215 ni nyuzi 215 au nyuzi 21.5. Haisemi kama rejista ina alama ya hasi au haina, ndiyo maana fundi anashangaa kuona joto la nje ni 6553.1 asubuhi ya baridi: kifaa kimetuma nusu nyuzi chini ya sifuri, na msomaji hajui kwamba hiyo namba inaweza kuwa hasi. Halafu kuna ule mkanganyiko wa moja. Mtengenezaji mmoja anaandika rejista 40001 akimaanisha anwani sifuri ndani ya ujumbe, mwingine anaandika anwani yenyewe. Ukikosea hapo unasoma jirani wa unayemtaka. Jirani naye atakupa namba inayofanana na ukweli. Unaomba joto la hewa, unapewa asilimia ya ufunguzi wa dampa, kile kizibo cha kupunguza hewa ndani ya njia yake, na 22 ni 22. Kosa la namna hii linaweza kukaa kwenye jengo miaka.

Sasa nihamie BACnet, itifaki nyingine ya vifaa vya majengo, kwa sababu wengi hapa mtasema, hayo ni matatizo ya itifaki ya zamani, sisi tunanunua vifaa vya BACnet. Ni kweli BACnet ilizaliwa ili kuponya ugonjwa huu. Kamati ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa mifumo ya joto na upoozaji cha Marekani, ilianza kazi mwaka 1987, kiwango chenyewe namba 135 kikatoka mwaka 1995, na mwaka 2003 kikawa kiwango cha kimataifa, ISO 16484-5. Ndani yake joto lina jina, lina kipimo, lina hali. Ule mchezo wa vipande viwili haupo. Naipenda itifaki hii na nimekula mkate wangu kwayo.

Lakini neno "kinatumia BACnet" kwenye brosha halijakuambia kitu bado. Ni kama kuambiwa mgeni wako anajua Kiswahili. Anajua salamu tu, au anaweza kusimama mahakamani akatoa ushahidi? Kiwango chenyewe kilitambua jambo hili, kikamtaka mtengenezaji atoe hati maalumu kwa kila kifaa, hati inayojulikana kwa kifupi kama PICS. Mara nyingi ni kurasa chache tu. Inaeleza kifaa kinaweza nini, kwa herufi na visanduku vya kutia alama. Sura yake haivutii, haina picha, na ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote zinazokuja na kifaa.

Tazama kitu kimoja ndani yake, nacho ni herufi ya mwisho. Utaona mistari kama DS-RP-A na DS-RP-B. Sehemu ya mwanzo inataja kazi, hapa kazi ya kusoma thamani. Herufi ya mwisho inasema kifaa kinakaa upande gani wa mazungumzo. A ndiye anayeuliza. B ndiye anayejibu. Kifaa chenye B peke yake hakitauliza swali hata siku moja. Kitakaa kimya kikingoja kuulizwa.

Niliwahi kuitwa kwenye jengo ambalo mkandarasi alikuwa amenunua vidhibiti vya vyumba karibu mia mbili, na mashine za hewa kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Mchoro ulikuwa mzuri: kila kidhibiti cha chumba kitaisoma mashine ya hewa, kijue joto la hewa inayokuja, kisha kiamue kifungue dampa kiasi gani. Vyote BACnet. Vyote vimejaribiwa. Vyote kwenye mtandao mmoja. Na hakuna kilichosema neno na mwenzake. Nikaomba hati. Kidhibiti cha chumba: B. Mashine ya hewa: B. Watu mia mbili wamekaa barazani, kila mmoja anajua majibu, na hakuna hata mmoja anayeuliza. Ilibidi kiongezwe kidhibiti kingine katikati, cha kusoma huku na kuandika kule, pamoja na kabati, programu na wiki kadhaa za kazi. Herufi moja, ndugu zangu. Ilikuwa imechapwa wazi kwenye ukurasa wa pili.

Kwa hiyo kila unapochora mshale kati ya vifaa viwili, jiulize nani ni A na nani ni B kwa jambo hilo hasa. Rudia kwa kila jambo, maana majibu hubadilika. Kifaa kinaweza kuwa na uwezo wa kuandikiwa lakini ratiba yake isibadilishike kutoka nje. Kinaweza kutuma alamu chenyewe, au kikakuachia wewe mzigo wa kuikagua thamani yake kila sekunde na kujua kama imezidi. Kinaweza kutunza kumbukumbu ya vipimo ndani yake mtandao ukikatika, au kikasahau kila kitu. Brosha itayaita yote hayo kwa jina moja, "uunganishaji kamili". Hati itayataja moja moja.

Yapo pia mambo ya njia yenyewe. Kwenye MS/TP, yaani BACnet inayopita kwenye kebo ya waya pacha, vifaa vyote vya kebo moja lazima viende kwa kasi moja, na hati ndiyo inayosema kila kimoja kinajua kasi zipi. Ukimleta mmoja asiyevuka biti 38400 kwa sekunde, wote watashuka naye. Angalia pia ukubwa wa ujumbe ambao kifaa kinaweza kupokea: kwenye MS/TP ya kawaida ni baiti 480, kwenye BACnet ya mtandao wa IP ni 1476. Kisha tazama kama kinajua kugawa ujumbe mrefu vipande vipande. Kama hakijui na kina mamia ya pointi, yaani thamani moja moja za kusomwa au kuandikwa, kuomba orodha yake yote kwa mkupuo kutashindikana, na programu yako lazima iwe na subira ya kuiuliza pointi moja baada ya nyingine. Programu nyingine hazina subira hiyo. Zinakuambia tu kwamba kifaa hakipo.

Namba ya utambulisho wa kifaa isijirudie ndani ya mtandao mzima wa jengo; nafasi ni kuanzia 0 hadi 4194302, kwa hiyo hakuna kisingizio. Ila hakikisha kwanza kwamba namba hiyo inabadilishika.

Sasa naomba mnivumilie, kuna jambo ambalo nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu naona linazungumzwa mara chache na linaua vifaa. Nalo ni kuandika.

Kusoma ni rahisi. Ukikosea kusoma unapata namba mbaya. Ukikosea kuandika unaliendesha jengo vibaya. Katika BACnet, pointi inayoamrishwa vizuri ina ngazi 16 za kipaumbele. Ngazi ya 1 ni ya juu kabisa, ya usalama wa maisha. Ngazi ya 8 ni ya mtu anayeamrisha kwa mkono kutoka kwenye skrini. Ya 16 ndiyo ya chini. Mwenye ngazi ya juu akiandika, wa chini wanangoja mpaka aachie. Mpango mzuri sana. Sasa soma hati: je, pointi unayotaka kuiandikia ina ngazi hizo, au ni thamani ya kawaida tu? Kama ni ya kawaida, anayeandika mwisho ndiye mshindi. Ratiba inaweka 22, mtumiaji anaweka 24, ratiba inarudia 22, mtumiaji anaapa kwamba kifaa kimeharibika. Na kama ngazi zipo, je, kifaa chako kinachoandika kinajua kuachia? Kuna vifaa vinavyojua kushika tu. Vikishaandika kwenye ngazi ya 8, ratiba yako iliyo kwenye ngazi ya 16 inaongea na ukuta.

Halafu kumbukumbu. Vifaa vingi huhifadhi joto lililowekwa, kasi ya feni au kikomo cha shinikizo kwenye aina ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Aina hiyo ya kumbukumbu huchakaa kwa kuandikwa. Idadi ya mara inazovumilia hutofautiana kifaa hadi kifaa, na mara laki moja ni kiwango cha kawaida kwenye nyingi. Laki moja inasikika kubwa. Sasa chukua mfumo unaorudia kuandika thamani ileile kila dakika "kwa uhakika". Siku ina dakika 1440. Gawanya. Unapata siku 69 na masaa kadhaa. Miezi miwili na siku chache, kisha kifaa kinaanza kusahau mipangilio yake, na dhamana inakuja na mabishano. Watengenezaji wengi huandika onyo hili waziwazi: pointi hizi ziandikwe pale zinapobadilika tu, zile pale zinaweza kuandikwa kila mara kwa sababu zinakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Onyo linakuwemo kwenye mwongozo wa mawasiliano. Kwenye katalogi ya mauzo sijawahi kuliona.

Kwa wale wa KNX, itifaki nyingine ya majengo: huko nako mna neema yenu na mtego wenu. Neema ni kwamba kila data ina aina iliyosanifishwa, na ETS, programu ya kupangia vifaa vya KNX, itakukatalia ukijaribu kuunganisha joto la baiti mbili na joto la baiti nne. Mtego ni pale ukubwa unapolingana na maana inapopishana. Aina 1.009 ni biti moja ya kufungua na kufunga: sifuri ni wazi, moja ni imefungwa. Aina 1.019 ni biti moja ya dirisha au mlango: sifuri ni imefungwa, moja ni wazi. Biti moja na biti moja, zinaungana bila malalamiko. Na matokeo yake ni mfumo unaozima kiyoyozi madirisha yakiwa yamefungwa na kukiwasha yakiwa wazi. Fundi asiyesoma ile namba ndogo baada ya nukta atatafuta kosa kwenye sumaku ya dirisha.

DALI, itifaki ya kuongozea taa, nitaipita haraka. Laini moja anwani 64, mkondo wa laini usizidi miliampea 250, na hati ya kila kifaa inasema kinakula kiasi gani. Jumlisha kabla ya kununua. Mtu anayesahau kujumlisha vihisi ataona taa za mwisho zinacheza.

Baadhi yenu mnaninong'onea, naona midomo: "Bwana, si tutaweka lango la kutafsiri katikati?" Ndiyo, lango lipo, nami nimeyaweka mengi. Lakini lango ni kifaa cha tatu, nacho kina hati yake ya kusomwa. Linabeba pointi ngapi? Pointi zipi za mashine zimepangwa ndani yake, na nani aliyezipanga? Kila tafsiri huacha kitu njiani: mara ni kipaumbele, mara ni saa ambayo alamu ilitokea. Na swali ambalo naomba mlibebe kutoka hapa ni hili: mashine iliyo nyuma ya lango ikikata mawasiliano, lango linaonyesha nini? Mengine huinua alama kwamba data haiaminiki. Mengine hubaki yanatoa namba ya mwisho yaliyoipata. Nimeona skrini ikionyesha maji ya kupoza yako nyuzi 7, safi kabisa, huku mashine ikiwa imezimwa tangu Ijumaa na watu wanatokwa jasho ghorofa ya juu. Namba ilikuwa ya Ijumaa. Muda ambao lango linangoja kabla ya kukiri kwamba limepotezana na mashine huandikwa kwenye hati, na mara nyingi ni wewe unayetakiwa kuuweka.

Kuhusu usalama wa mtandao, chukua BACnet/SC, yaani BACnet yenye ulinzi, ambayo hupita kwenye njia iliyofichwa kwa mbinu ya usimbaji iitwayo TLS: kifaa cha BACnet/IP cha zamani hakiingii humo moja kwa moja, kinahitaji ruta ya kuunganisha pande mbili. Vyeti vya kidijitali navyo vina tarehe ya kuisha. Hati ikisema kifaa kinahitaji cheti, uliza pale pale nani atakihuisha mkandarasi akishaondoka.

Na moto. Kama mashine ya hewa inatakiwa isimame moshi ukionekana, amri hiyo ipite kwenye rilei na waya wake wenyewe. Itifaki itumike kuonyesha kwamba imesimama. Hapo sina mjadala na mtu.

Sasa tuje kwenye toleo. Hati ya PICS ina tarehe, ina modeli, ina toleo la programu ya ndani ya kifaa, na ina namba ya marekebisho ya itifaki. Vinne hivyo vilingane na kitu kitakachokuja kwenye sanduku. Mtengenezaji akiongeza uwezo kwenye toleo jipya, hati mpya itausifia, lakini ghala linaweza kuwa bado na vifaa vya toleo la jana. Uliza kama kinaweza kupandishwa toleo kikiwa ukutani, au lazima kirudi kwa muuzaji. Vilevile cheti cha BTL, maabara zinazojaribu vifaa vya BACnet, kinahusu kifaa fulani chenye toleo fulani, na kinathibitisha kwamba kinafanya yale kinayodai. Kama kinachodaiwa hakitoshi kwa mchoro wako, cheti hakitakiongezea.

Lini basi tusome? Hapa ndipo nina uchungu zaidi, niseme wazi. Tunasoma tukiwa tumeshakwama. Vifaa viko stoo kwetu, vimelipiwa, dari limefungwa, mwenye jengo anauliza tarehe. Wakati huo hata ukigundua ile herufi ni B, utafanya nini? Muuzaji husikiliza vizuri sana kabla ya saini. Baada ya saini, anakupa namba ya huduma kwa wateja. Kwa hiyo hati iombwe kwenye zabuni, na iwe sharti: hakuna PICS ya modeli hii na toleo hili, hakuna jedwali la rejista, hakuna ununuzi. Na usiulize "je, vinaoana?" Swali hilo hujibiwa "ndiyo" na kila mtu, kwa nia njema kabisa. Uliza lenye kujibika kwa maandishi: "Je, kidhibiti hiki kinaweza kusoma joto la hewa la mashine ile chenyewe, na kwa njia ipi?" Muuzaji akijua, atakuonyesha mstari. Asipojua, ataenda kumuuliza anayejua, na hiyo nayo ni faida kwenu wote wawili.

Kisha tengeneza daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pointi nazo ni mali. Kila pointi mstari wake: inatoka wapi, inaenda wapi, nani anauliza, kipimo gani, inasomwa au inaandikwa, kila baada ya muda gani, na ukurasa gani wa hati unaothibitisha. Hiyo safu ya ukurasa ndiyo inayofanya kazi. Mtu hawezi kuijaza bila kufungua hati. Vijana ninaofanya nao kazi walianza kwa kulalamika kwamba inachukua siku tatu. Ni kweli, inachukua siku tatu, wakati mwingine nne. Ule usiku wa ghorofa ya tanuri ulitugharimu usiku mbili wa watu watano na wiki ya kuomba radhi.

Wapo watakaosema kwamba hati zenyewe hukosea. Hukosea, tena si mara moja. Nimekuta jedwali la rejista lenye safu mbili zilizopishana, na PICS iliyotia alama kisanduku ambacho kifaa hakikukijua. Ndiyo maana tukishasoma, tunaomba kifaa kimoja kimoja cha kila aina, tunakiweka juu ya meza, tunavuta waya wa mita mbili na kujaribu kila mstari wa daftari. Kikishindwa mezani, una hati mkononi inayosema kingeweza, na mtengenezaji ana la kujibu. Asiyesoma hana hata la kulalamikia.

Basi, nimesema tutazifungua hati zilizo mezani. Moja ni ya kidhibiti cha chumba, ya pili ni ya mashine ya kupoza maji, na majina ya watengenezaji nimeyafuta. Mchoro uko ubaoni: kidhibiti kinatakiwa kuiomba mashine iwake, kusoma joto la maji, na kupokea alamu yake. Mishale mitatu. Mmoja utafanya kazi kama ulivyochorwa, mmoja utafanya kazi kwa sharti, na mmoja hautafanya kazi kamwe. Nakala zipo za kutosha kila watu wawili, na kalamu ziko kwenye kile kisanduku. Wale wa nyuma, sogezeni viti mbele. Tuna dakika arobaini.